Siku ya Kumi na Tisa

Hali. Tangu Jumatano ile mabomba yalipokauka
hajagusa hata punje.
Nikimwaga chakula wenzake wanagombana, maji yanachemka kwa mikia,
yeye yuko nyuma ya jiwe
amefumba kinywa kama mtu aliyepewa siri
kisha akachekeshwa.

Kidevu kimevimba. Ukimulika tochi kwa ubavuni
utaona ngozi ya koo ikipanda, ikishuka:
anageuza mayai, anayageuza,
anapepeta bila ungo.

Tangi nililiunda mwenyewe kwa vioo vya dirisha la benki,
milimita kumi. Walikosea vipimo, wakasema tupa.
Mimi ni fundi vioo; sikutupa.
Nilivipandisha kimoja kimoja hadi ghorofa ya nne, hapa Huruma,
Mama Wangeci mwenye nyumba akiniuliza kwenye ngazi
kama nimeanza kujenga juu ya jengo lake.

Maji ya Nairobi ni laini. Yanashuka kutoka milimani
yakiwa hayana neno na mtu.
Mbuna hawayataki. Hao asili yao Ziwa Nyasa,
maji yaliyolamba mawe miaka isiyo na hesabu;
wanataka ugumu.
Basi nikaenda duka la mifugo, Barabara ya Juja,
nikanunua makombe yaliyosagwa, kilo mbili.
"Una kuku wangapi?" akauliza muuzaji.
Nikasema kumi na wanne.
Sikuwa na nguvu za kueleza.

Dume ni wa samawati, mwenye milia, mgomvi.
Kwenye pezi lake la chini ana madoa ya manjano,
mayai ya kuchorwa.
Jike alitaga juu ya jiwe bapa, akayaokota yake yote,
kisha akayafuata yale ya uongo, mdomo wazi,
na hapo ndipo mbegu ilipoingia.
Nilitazama nikiwa na kikombe cha chai mkononi
hadi chai ikaota utando.
Ulaghai, nikasema.
Lakini sijui nani alilaghaiwa.

Siku ya kumi na moja stima ilipotea.
Saa mbili usiku pampu ikanyamaza,
na ukimya wa pampu hushtua kuliko mlango kuvunjwa.
Nikachota maji kwa kikombe, nikayamwaga kutoka juu
ili yaingie na hewa.
Kikombe, kikombe, kikombe.
Nekoye wa mlango wa pili, miaka tisa,
alisikia mchuruziko akadhani bomba limerudi;
akaja mbio na ndoo mbili.
Hakuondoka. Akashika mshumaa, akamtazama sana yule mama,
akauliza: "Na akipiga chafya?"

Nilicheka hadi kikombe kikazama.

Tulipokezana mpaka nyanya yake akamwita mara ya tatu.
Nikabaki peke yangu, mkono umekufa ganzi,
hadi saa tisa, friji ya jirani ilipokohoa
na pampu ikaanza tena kunong'ona.

Wengine humeza. Hilo sikumwambia mtoto.
Hofu ikizidi, mama humeza wote,
na kesho yake unamkuta anakula, shavu limelala,
kama mtu asiyekumbuka aliitwa nani.
Siwezi kukilaumu kinywa
kwa kuwa jirani na koo.

Leo Jumapili, kumi na tisa.
Nekoye amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, amenizuia kusogea.
Kikatoka kimoja, macho matupu yenye mkia.
Kikasimama majini kama koma.
Halafu viwili. Halafu sikuona tena idadi, niliona vumbi hai.
Nikapiga hatua, kivuli changu kikaangukia kioo,
na wote, fyu,
wakarudi ndani, mdomo ukafungwa.

"Umeona?" akaninong'oneza kwa hasira. "Umeona ulichofanya?"

Jumatatu nilirudi dukani kutafuta makombe mengine.
Muuzaji akanikumbuka.
"Kuku je?"
"Wameangua," nikasema.
"Wangapi?"
Ishirini na watatu. Au wanne.
Hawatulii.