Safu ya Pembeni

Nilipoanza kazi ya kuandika samaki mwaloni Kibirizi
nilikuwa na kalamu mbili, mizani, na neno moja: sangala.
Kila chenye miiba mgongoni na tumbo la fedha
nilikiandika sangala, nikapiga mstari,
nikaenda kunywa uji.

Mama Bukuru alinishika mkono kama amekamata mwizi wa maharage.
"Hebu rudi. Huyu umemwitaje?"
Sangala.
"Na huyu?"
Sangala.
"Na wewe nikikuita diwani, kwa kuwa una miguu miwili?"

Akanifundisha kwa vidole, macho yake yako barabarani
yanawinda wachuuzi wa Kasulu.
Pitisha gumba, toka mkiani uje kichwani:
magamba ya nonzi ni madogo, mchanga uliolowa;
ya sangala yanakwaruza, yanakuuliza unakwenda wapi.
Tena sangala ana jicho kubwa. Kule kilindini
mwanga ni wa kuokota punje kwa punje.
Gomba, mpime kati ya macho.
"Paji jembamba. Hana mawazo mengi huyu."
Mgebuka? Mrefu, mwembamba, anajitaja mwenyewe.
Ila wakiwa watoto, wote majanini, urefu wa kidole,
"hapo hata mimi nasema Mungu anajua."

Daftari la idara halina safu ya Mungu anajua.
Niliichora mwenyewe, kwa rula, pembeni.

Juzi mbalamwezi, mitumbwi imelala,
tumekalia kreti tupu, simu yake ikalia.
Wanawe mapacha wako Kaliua kwenye tumbaku,
wanatumia laini moja.
"Haloo? Bukuru?"
Kicheko.
"Butoyi?"
Kicheko kile kile.

Mwanamke huyu hutenganisha samaki gizani, ndoo nzima,
huku anagombana na mtu wa barafu.
Nikaona gumba lake linapanda taratibu
juu ya kioo cha simu, toka chini kwenda juu,
linatafuta magamba.

"Kohoa kidogo, mwanangu."
Huko Kaliua mtu akakohoa.
Mama Bukuru akasikiliza, kichwa upande,
akanitupia jicho, nami nikajifanya nahesabu kreti.

"Mmekula?" akauliza,
kwa wingi,
asije akakosea.