Chaki ya Mejumaa

Mejumaa alikuwa mshonaji wa mabuibui.
Kila magharibi alifunika cherehani,
akachukua kamba ya mafundo, fundo kila dhiraa,
akaipaka ile ile chaki ya kukatia vitambaa
pima nzima ya mwisho, ikawa nyeupe kama sanda,
akaiteremsha kisimani.

Ikirudi, pale chaki ilipooshwa
ndipo maji yalipo.
Anahesabu mafundo, anaongeza shubiri,
anaandika kwenye daftari la oda,
baina ya kiuno cha bibi harusi wa Likoni
na mikono ya mtoto wa jirani:
Kisima. Dhiraa kumi na tisa na shubiri.

Mwaka ule, Mtongwe, vuli ilituruka.
Masika yakaja siku tatu,
yakalowesha vumbi, yakaenda zake.
Bomba la kaunti likawa linapumua hewa.
Kamati ikakaa madrasa, ikakata shauri kwa kelele:
kuchota ni alfajiri hadi saa tatu,
nyumba moja mitungi miwili,
Ijumaa kisima kipumzike,
na mkokoteni usikanyage pale.

Mkokoteni ulikuwa wangu.

Niseme nini? Nilikuwa na mitungi kumi na miwili,
na kule kwenye ghorofa mpya mtungi ulifika shilingi hamsini.
Nikaviringisha kitambaa kwenye kapi lisilie.
Nilichota usiku wa manane,
ndoo ikigonga maji mbali, mbali zaidi kila wiki,
nami nikijiambia: maji ni ya Mungu,
kisima hakina macho.

Kumbe kina daftari.

Mejumaa akaanza kupima mara mbili,
magharibi, na tena kabla ya adhana ya alfajiri.
Kisima kikilala hujaa, aliiambia kamati,
huamka kimepanda shubiri, hata zaidi.
Hiki chetu kinalala na dhiraa ishirini,
kinaamka na ishirini na moja.
"Sasa," akasema, akikunja kamba,
"kisima gani hiki kinachoamka usiku kunywa maji yake?"
Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Hakunitaja. Jioni alinijia na kikombe cha bati.
"Kunywa, Nyawa."
Nikanywa. Nikatema.
"Hayo ni ya leo, ya chini kabisa.
Usidhani bahari iko kivukoni peke yake.
Iko hapa, chini ya mwamba, imelala kifudifudi,
na maji matamu yameielea mgongoni
kama mafuta juu ya mchuzi.
Ukiyamaliza ya juu, ya chini hayangoji kualikwa."

Sikulala. Si kwa toba, nisiwadanganye.
Ni ulimi: ile chumvi haikutoka hata kwa kahawa.

Nilipojitaja, kamati haikutaka pesa.
Ilitaka mkokoteni: ubebe mawe kutoka machimboni.
Nami nichimbe shimo ubavuni mwa madrasa,
upana wa kitanda,
kina cha mtu mzima aliyeinua mkono,
nijaze mawe, kisha kokoto, kisha mchanga,
mifereji ya paa imwage humo,
ili mvua ikija isikimbilie baharini kama mtoro,
ishuke polepole, ikilipe kisima deni.
Wiki sita. Wapita njia: "Nyawa, unazika nini?"
"Mvua," nikajibu.
"Imekufa?"
"Bado haijazaliwa."

Sasa Mejumaa macho yameingia ukungu,
hatungi tena uzi kwenye sindano.
Kamba ninayo mimi, na kipande cha chaki,
cha buluu, maana nyeupe imekwisha dukani.
Vuli hii imenyesha mara mbili.
Leo magharibi: dhiraa kumi na nane na vidole vinne.
Nimeonja. Chumvi bado ipo, nyuma ya ulimi,
kama jina la mtu uliyemdhulumu
ukilisikia likiitwa dukani.

Nimeandika yote mawili.