Mbuzi Kwenye Mashine

"Kuna mbuzi humu," nilisema,
na foleni nzima ya Chake Chake ikacheka.
Alikaa kwenye kioo kama alivyo:
miguu ya kukunja, shingo ya chuma,
meno ya buluu iliyokoza,
na mofa sita zimemzunguka, rangi ya chungwa,
maana kwa mashine yetu kila cha kuliwa ni chungwa.

Tiketi ilisema: Mkasi Makame Shaame.
Jina hatulizuii, sheria haijafika huko.
Lakini mbuzi ana makali, nikamtoa.
"Binti yangu yuko Temeke," akasema,
"umeme ukikatika mumewe hula wali mkavu."
"Ndiyo sheria, Bi Mkasi."
"Sheria inachelea nisije nikamkuna rubani?"

Na ndege yenyewe ile, viti kumi na viwili,
abiria wa mbele anakaa begani kwa rubani,
akitaka amhesabie mvi.
Hapana mlango baina yao, hapana hata pazia.
Pazia liko kwangu.

Lango lilimlilia. Akavua bangili, likalia.
Akatoa pini za ushungi, akavua viatu, likalia.
Nikamwita nyuma ya kitambaa cha kijani,
nikavaa glavu, nikasoma maneno tuliyofundishwa:
nitakugusa hapa, na hapa,
kwa mgongo wa mkono.

Mkono ukapita bega, ukateremka,
ukakuta ziwa la kulia.
Ukenda kushoto, ukakuta kanga.
Kanga iliyokunjwa, ikakunjwa tena, ikashonwa mviringo,
na ndani yake sarafu za mia mbili mbili,
za kutia uzito, lisipande akiinama.

Nje mtu alikuwa akiuliza
kama zamzam nayo yahesabiwa maji.

Tunakaa mtaa mmoja, Machomane.
Nimefuturu kwake. Mwaka mzima
tumemsema kwenye maharusi, na mimi nimo:
Bi Mkasi siku hizi hainuki kucheza, anajiona.

"Umeliona bomu?" akauliza, anafunga vifungo.
"Sijaliona."
"Basi niandikie kwamba halimo.
Hilo jengine usiliandike."

Mwaka wa tisa huu nasimama hapa.
Nimekamata visu vya kumenyea machungwa,
viberiti, nyembe, chupa ya asali iliyovuja
ikawanata abiria wote wa saa nne.
Mtu mbaya sijamkamata hata mmoja.
Mkuu wetu husema ndiyo dalili kwamba kazi inafanyika.
Huenda. Na jogoo asipowika, huenda kusikuche.

Lakini kaka yangu Mbarouk
aliondoka usiku kwa meli iliyojaa hadi ngazini.
Hapana aliyemtazama tiketi.
Hapana aliyenyoosha mkono akasema: basi, imetosha, wewe rudi.
Kwa hiyo mkono naunyoosha.
Siku ninayoona haya, humkumbuka yeye.
Na siku ninayomkumbuka, haya haziondoki vilevile.

Kwenye kioo kila mtu hukaa sekunde nne tano,
kisha mkanda humchukua, akaja mwengine.
Mimi sina mkanda.
Nikimkuta dukani kwa Hamdu ananunua chumvi
macho yangu huenda kushoto kabla sijayakataza,
naye huuvuta mtandio.
Hatujagombana. Tunaamkiana kwa sauti kubwa kuliko zamani.

Mbuzi hakuja kumchukua.
Yuko chini ya meza yangu, meno nimeyageuzia ukuta,
na ndege ya mwisho ikishaondoka
humkunjua nikamkalia, miguu ikapumua.

Juzi harusini Kichungwani walianza tena:
yule anajiona, yule.
Nikasema, ana goti.
Goti linamsumbua, kalipeleka mpaka Dar.
Wakasema maskini, wakaendelea kucheza.
Hapana aliyeniambia nivue viatu.