Ukuta wa Kijivu

Bakiri fundi rangi aliposikia nataka kijivu
aliweka ndoo chini, akacheka hadi akakaa.
"Dada, kazi yako si rangi? Mbona chumba unakivika sanda?"
Nikamwambia sanda ni nyeupe. Piga kijivu.
Na pazia la kitenge, lile jekundu la dirishani, nikalishusha,
maana jekundu likikaa pembeni ya jicho
jicho hudai kijani pasipo na kijani.

Pesa ilikuwa ya korosho, mnada wa pili,
mikorosho ya mama kule Nanyamba.
Mama alinihesabia mezani, noti kwa noti,
akauliza: "Hiki unachokwenda kununua kinakula nini?"
"Umeme," nikasema.
Akaitazama taa ya sebuleni, imezimika tangu saa tisa.
"Basi kitakonda."

Jabiri wa Kariakoo anapiga simu kila asubuhi:
chukua kadi kubwa ya picha, dada,
giga ishirini na nne, feni tatu,
inawaka taa kama ukumbi wa harusi!
Namsikiliza. Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la wateja:
kadi ile, na prosesa ya kuilisha,
na ramu, na diski ya kasi ya kubebea picha ghafi,
na pawasaplai ya kuzibeba zote.
Nikifika chini ya ukurasa
kioo kimebakiwa na laki mbili.
Laki mbili! Hicho ni kioo cha kuandikia risiti.

Sikumwambia Jabiri habari za Asumini.

Asumini wa Chuno, mweusi wa kung'aa
kama kokwa ya topetope iliyotoka mdomoni sasa hivi.
Harusi yake niliipaka rangi siku tatu
kwenye laptop yangu ya zamani, kioo chake cha kibuluu,
nikaona nimemtendea haki.
Kwao, kwenye runinga ya inchi hamsini na tano,
alitoka wa majivu.
Midomo zambarau. Mkono wa hina kama umeungua.
Mama yake alinirudishia flashi, kaifunga kwa karatasi ya daftari,
wala hakudai pesa.
"Mwanangu sijamwona humu."

Kwa hiyo, Jabiri, sikiliza wewe sasa.
Kadi nipe ya giga kumi na mbili, iliyotumika, isiyo na taa.
Ikichelewa kutoa kazi nitasubiri, nimezoea kungoja malipo ya chama.
Ramu thelathini na mbili; nitaongeza msimu ujao
mvua ikiyahurumia maua ya mikorosho.
UPS nzito, maana gesi inatoka huku kwetu
na umeme unakatika huku kwetu, usiniulize.
Kasha liwe na chujio: chumvi ya Shangani hula chuma.
Na pesa iliyobaki, yote,
ninunulie kioo kisichosema uongo,
na kile kidude cha kupimia rangi,
kinachoning'inia usoni pa kioo kama kupe.

Jabiri akanyamaza. "Dada. Kioo, bei ya pikipiki?"
"Pikipiki haijui ngozi."

Kilikuja na basi, kimeviringishiwa godoro la mtoto.
Nikakiwasha ndani ya kijivu changu.
Cha kwanza kufungua: Asumini.
Kumbe alikuwamo siku zote.
Kahawia chini ya weusi, wekundu kidogo chini ya kahawia,
na shavuni doa la anga la saa nne asubuhi
ambalo ni lake, nisiliguse.
Nikavuta kidogo tu. Nikarudisha nusu ya nilichovuta.
Saa nane usiku umeme ukakatika, UPS ikaanza kulia,
nikahifadhi, nikakaa gizani
na rangi yake bado machoni.

Jumapili nikapeleka Chuno.
Mama yake alitazama mpaka mwisho,
ncha ya kanga mdomoni.
Kuhusu rangi hakusema neno.
Aliuliza tu kwa nini shangazi mtu nimemkata
pale anapokula keki.