Bikoni ya Arobaini na Saba

Kila mwaka, uwele ukishaingia ghalani,
hifadhi hutuita watu sita wa Chamhuluka
tukapake chokaa mawe ya mpaka.
Mimi ni wa bikoni ya thelathini na tisa hadi hamsini na mbili.
Ndoo, brashi, chumvi ya kushikisha chokaa,
na askari mmoja, Kihwele,
mwenye bunduki na redio isiyoshika.

Upepo wa Agosti hauna adabu.
Hubeba vumbi letu kulipeleka hifadhini bila kibali,
hurudi na harufu ya kinyesi cha tembo
mpaka kwenye sufuria ya mlenda.

Huku kijiji, kule hifadhi:
ndivyo lisemavyo bango la bati
ambalo watoto wamelitoboa kwa manati.
Lakini mkwaju una mizizi kule na kivuli huku,
na ukwaju ukidondoka
tunaokota wa huku.
Wa kule tunautazama.

Mwezi wa nne walivuka tisa, na ndama wao.
Tulipiga madebe. Tulichoma pilipili
tuliyoichanganya na kinyesi chao wenyewe.
Chisota alipuliza vuvuzela
aliyoletewa na mwanawe kutoka mjini, akapuliza
hadi midomo ikavimba.
Wakala taratibu,
kama wageni waliokaribishwa na wakakaribia kweli.

Asubuhi alisimama kati ya mabua
akipima unyayo kwa fimbo.
"Huyu mkubwa ni yule wa mwaka juzi," alisema.
"Ana kidole kilichopasuka.
Namjua kuliko ninavyomjua mkwe wangu."

Fomu zilikuja Juni. Nilimjazia mimi.
Jina la mnyama. Ukubwa wa shamba.
Umbali kutoka mpakani: hatua thelathini.
Pesa yenyewe huitwa kifuta jasho.
Kwa waliofiwa iko nyingine, kifuta machozi.
Nikamuuliza Chisota, kwa utani,
yeye kilimtoka kipi.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Andika vumbi."

Bikoni ya arobaini na saba huwa naiacha ya mwisho
ingawa kwa hesabu iko katikati.
Kihwele aliacha kuuliza zamani.
Nyuma yake, hatua kumi na mbili ndani,
kuna ukuta wa tembe uliorudi kuwa kichuguu,
jiwe la kusagia lililopasuka,
na bibi yangu Mbeleje chini ya mawe
ambayo hakuna anayeyalipia chokaa.
Tulimzika uani kwake.
Mpaka ulikuja baadaye, ukapita mlangoni.

Kihwele hugeukia kijijini.
Hushika redio yake.
"Haloo," huita kwa sauti, "haloo, nasikika?"
na hakuna amjibuye,
naye huendelea kuita
kwa muda ule ule ninaouhitaji.

Nang'oa majani. Namwaga unga kidogo, maji kidogo.
Namwambia mvua iliishia wapi,
nani kaolewa Manyoni,
nani kauza ng'ombe akanunua pikipiki
na pikipiki hailali zizini wala haizai.

Mwaka huu nilikuta nyayo.
Zilitoka porini moja kwa moja hadi kwenye mawe,
zikasimama hapo, udongo ukadidimia,
kisha zikazunguka kwa upande wa miguuni
na kushika njia ya mashamba yetu.
Jiwe hata moja halikusogezwa.
Nilichuchumaa kuziangalia.
Kidole cha nje, mguu wa mbele:
kimepasuka.

Sikumwambia Chisota.
Angenitazama kwa jicho lile la mabua,
nami ningemjibu nini?
Kwamba mla uwele wake ana heshima?
Kwamba ni mtu wa kwetu?

Jioni tulitia saini, tukahesabiwa posho.
Ndoo yangu ilibaki na chokaa, kama nusu.
"Mwaga tu," alisema Kihwele.
Nimeibeba kichwani hadi nyumbani.
Iko nyuma ya mlango, imefunikwa ungo.
Bado sijajua nitapaka nini.