Behewa la Tatu

Katika mabehewa matatu nilichagua bovu,
lenye mlango usiofunga,
refu kama mkono wangu hadi kiwikoni.
Yale ya kung'aa nilimwachia Owere auze.

Behewa jipya halijui kazi.

Nikalipiga msasa.
Nikang'oa magurudumu ya plastiki, hayana sauti,
nikatia ya chuma, yaliyochongwa Jinja
na fundi baiskeli asiyeuliza maswali.
Kutu nikaipika mwenyewe: siki, chumvi, misumari, siku tatu.
Ubavuni, kwa brashi ya nywele tano,
namba aliyoiandika baba kwa chaki
pale Tororo, alfajiri,
akigonga gurudumu kwa nyundo
na kutega sikio.

Sasa linapita chini ya migomba,
limebeba saruji vijiko viwili.
Nalisimamisha.
Nagonga kwa kijiko.