Salamu ya Kushoto

Kiti cha hospitali ya Wete hakipandi tena.
Pampu yake ilikufa tangu Mfunguo Tano,
fundi akaahidi Jumatatu, hakutaja ipi.
Basi anayeshuka ni mimi:
kichwa kulia, bega la kushoto juu,
kiwiko hewani kama abishaye hodi
kwenye mlango mdogo wa giza na mate.

Ishirini na sita leo. Nimehesabu kwa shingo, si kwa daftari.
Gego la mtoto wa Konde, limeliwa na peremende.
Jino la bibi wa Gando, limebaki peke yake,
naye ananisihi nilisafishe tu, nisiling'oe,
"ndilo linalonijua."
Achama, mama. Achama tena.

Huniona kwa chini: kidevu, barakoa, taa.
Wakishatema wakasema ahsante, nimepona,
kuna kitu kimetoka tayani mwao
kikaja nyuma ya bega langu,
kikatandika jamvi.

Usiku Khatibu hunikanda kwa mafuta ya nazi.
Kidole gumba chake hugota fundo:
"Mize, hapa umeficha korosho?"
Nacheka. Kucheka nako kunauma.

Na nikimaliza swala, salamu ya kulia nafika.
Ya kushoto inaishia njiani,
malaika wa bega lile namwamkia kwa ncha ya jicho.
Ndiye mwandishi wa makosa.
Sijui hilo nalo analiandika.

Jana kaja Ngwali, mchumaji wa Mtambwe,
shavu limefura, karafuu kaisokomeza katika pango la jino.
Nikamwambia alale. Hakulala.
"Shingo hailali, daktari.
Miaka thalathini naangalia mashada."
Yake imegandia juu, yangu chini,
tukabaki tunatazamana vifua.

Akatoka bila kuaga.
Nikadhani kakimbia sindano, wengi hukimbia.
Karudi na magunia mawili ya makonyo,
kayatandaza kitini, kayabonyeza kwa goti
kama mtu anayemlaza mgonjwa wake,
akapanda, akaachama.

Chumba kizima kikanuka vuli.
Ganzi. Koleo. Nikang'oa nimesimama wima,
mgongo ukishangaa kama mtoto aliyevishwa viatu.

Magunia kayaacha.
Akija mkaguzi, Sichana huyafunika shuka.

Alasiri ile nikageuka kushoto.
Sikufika.
Lakini shingo ilisogea,
upana wa karafuu moja.